Kavetsa na Bakuli la Bibi Tome

Kavetsa nilimjua kwa visu vyake kabla sijamjua kwa jina. Kazi yangu ni kunoa visu. Asubuhi natoka Kibera nikisukuma baiskeli yenye jiwe la kunolea, napita Soko la Toi, navuka Ngong Road, nazunguka kwenye mafleti mpaka natokea Kawangware, na jioni narudi kwa njia nyingine, maana njia moja ikirudiwa sana inachosha moyo. Shule sikusoma sana, niliishia darasa la nne. Lakini ukinoa visu vya watu miaka thelathini, unajifunza kusoma kwa namna yako. Nyumba za mtaa wa Kongo, kule Kawangware, zina kisu kimoja kimoja, kimelika katikati kwa kukata sukuma wiki, chembamba kama jani lenyewe. Kwenye mafleti unaletewa visu saba au nane, na vyote butu, kwa sababu wenyewe wanakatia nyama juu ya sahani. Sijawahi kumwuliza mtu anakula nini. Naangalia kisu chake tu.

Kavetsa alikuwa na vya aina zote mbili. Nyumbani kwake Kongo alikuwa na kile chembamba. Kazini alikuwa na kisu kirefu cha Kijapani, na siku ya kwanza alisimama karibu yangu kama mwalimu anayesimamia mtihani.

"Mzee, upande mmoja tu. Huo mwingine usiguse."

"Kisu gani hiki cha upande mmoja?"

"Cha samaki. Ukinoa pande zote mbili mwenyewe atalia."

"Mwanamume mzima alilie kisu?"

"Huyu atalia. Namjua."

Mwenyewe alikuwa Bwana Tadashi, Mjapani, mhandisi wa barabara. Alikuwa ameishi Nairobi miaka kumi na miwili, na Kiswahili chake alikipata kwa mafundi wa lami. Kilikuwa Kiswahili kizuri, chenye matusi mawili matatu ambayo yeye mwenyewe hakujua kuwa ni matusi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Kavetsa ni mtu wa Vihiga. Alikuja Nairobi akimfuata mumewe, Boaz, fundi wa viti na vitanda kando ya Ngong Road, mwanamume mpole ambaye sijawahi kumwona bila unga wa mbao kwenye nywele. Wamekaa katika chumba kimoja Kongo muda mrefu hivi kwamba wajukuu wa mwenye nyumba wanamwita shangazi. Mwanzoni Kavetsa alikuwa akifua. Wanawake walikuwa wanakaa kwenye ukingo wa barabara asubuhi, wamekunja kanga, wanangoja dirisha lifunguke mtu aseme, "Wewe, njoo." Mama mmoja aitwaye Wagaki, aliyekuwa mpishi wa Bwana Tadashi, alimzoea, na alipozeeka akarudi kwao Murang'a akamwachia kazi, aproni, na neno moja: "Onja kila kitu, hata kile kinanuka."

Kavetsa akaonja. Akaonja majani ya baharini, akaonja uji wa maharagwe yaliyochachishwa, akaonja samaki mbichi na kwenda kusukutua kinywa bafuni. Baada ya mwaka alikuwa anapika chakula cha Kijapani vizuri hivi kwamba wageni wa Bwana Tadashi walikuwa wanachungulia jikoni kuona ni nani aliyepo, na wanamkuta mama wa Kiragoli amefunga kitambaa kichwani, anasikiliza mahubiri kwenye simu.

Mwaka juzi, mvua za Mei zikinyesha, Bwana Tadashi alisafiri akarudi na mama yake.

Jina lake Bibi Tome. Alikuwa na miaka themanini na minane, na kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Alikuwa akiishi peke yake kijijini, milimani kaskazini ya Japani, akateleza kwenye theluji na kukaa chini pale nusu siku kabla jirani hajamwona. Hakuwa na mtoto mwingine. Mwanawe akaona heri amlete. Kiswahili hakujua hata neno, na Kavetsa Kijapani chake kilikuwa majina ya vyakula tu, kwa hiyo waliongea kwa mikono. Kavetsa alimwita Guku, ndivyo Waragoli wanavyomwita nyanya, na yule bibi aliitika.

Sasa, ndani ya nyumba ile mchele mweupe ulikuwa umekatazwa. Bwana Tadashi alikuwa ameambiwa na daktari ajihadhari na sukari, na yeye kwa wali mweupe hana breki. Akiuona anaumaliza. Akasema usiingie kabisa. Badala yake alikuwa akiletewa kutoka Tokyo pakiti za nafaka ndogo ndogo, kitu kama wimbi na mtama vimechanganywa na mchele mweusi kidogo. Zikipikwa zinatoka rangi ya matope.

"Pakiti ni ndogo kama ya majani chai," Kavetsa aliniambia, "na inakuja na ndege. Anasema huko Tokyo siku hizi ndicho chakula cha wenye pesa. Wenye pesa na wanaoogopa kufa."

Kwa kuwa alimpenda mama yake na alitaka aishi sana, Bwana Tadashi akaagiza naye apikiwe hizo hizo, pamoja na samaki wa bei na mboga zilizokatwa kama maua.

Bibi Tome hakula. Juma la kwanza aligusa kwa vijiti, akatabasamu, akasukuma bakuli upande wa kiti cha mwanawe. Juma la pili vivyo hivyo. Juma la tatu bakuli likaanza kurudi tupu, nyumba nzima ikafurahi, Kavetsa akaimba. Kisha bibi akapandishwa kwenye mizani na mizani ikasema amepungua zaidi.

Daktari akaja, akampima, hakuona ugonjwa. Akamwambia mwanawe waziwazi: ikifika mwisho wa Juni na bado anapungua, hapa hatafaa kukaa. Itabidi arudishwe Japani, aingie nyumba ya wazee ambako kuna wauguzi, na ikibidi alishwe kwa mpira wa puani.

"Atakaa na watu hawajui, mzee," Kavetsa aliniambia pale getini, akiwa ameshika visu vyake kwenye gazeti. "Mtoto wake yuko hapa. Huko nani atamshika mkono?"

"Umempikia kila kitu?"

"Kila kitu. Nimempikia hadi nimeota."

Osewe, askari wa geti, mtu wa Homa Bay, alikuwa akisikiliza. Osewe husikiliza kila kitu, na anaona ni sehemu ya ulinzi.

"Kavetsa, si nilikwambia umpe omena. Mtu wa umri ile hawezi kataa omena."

"Osewe, kwako kila ugonjwa dawa ni omena."

"Na si mimi hapa, mzima?"

"Wewe uko mzima upande mmoja, kama kisu ya mdosi wangu."

Lakini kumbe alikuwa amejaribu. Wajapani nao wana visamaki vilivyokaushwa vya kuchemshia supu, na Kavetsa alikuwa amewang'oa vichwa omena wa Osewe akawachemsha taratibu. Bibi Tome alinusa, macho yakamng'aa, akanywa nusu bakuli. Nusu nyingine akaisukuma kwenye kiti cha mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa kazini, Athi River.

Na kulikuwa na lile neno. Kila alipoletewa chakula, bibi aliangalia bakuli, kisha akasema polepole, kama mtu anayejiongelesha, "Mama."

Kavetsa alikuwa anaacha kila kitu. "Niko hapa, Guku." Alifikiri anaitwa yeye, na siku nyingine alifikiri bibi anamwita mama yake mzazi, kwa sababu wazee sana hufanya hivyo. Anakaa chini sakafuni, anamvua soksi, anamsugua miguu. Bibi anamwacha. Anaangalia nywele za Kavetsa pale chini kwa mshangao kidogo, halafu anampigapiga begani.

Jambo lenyewe lilianza kufunguka kupitia chakula cha kubeba. Bwana Tadashi alikuwa anaenda kazini na chakula chake kwenye kikontena cha plastiki, ambacho Kavetsa alikipakia asubuhi na kukiacha juu ya meza ya jikoni. Siku moja akasema, "Kavetsa, siku hizi unanishindilia. Kifuniko kinakataa." Kavetsa akadhani ni mzaha. Kesho yake akasema tena.

Ijumaa moja asubuhi, kabla Bwana Tadashi hajaondoka, Kavetsa alitoka kuanika nguo, akakumbuka amesahau vibanio, akarudi bila viatu. Akamkuta Bibi Tome amesimama jikoni, mkono mmoja umeshika meza asianguke, mwingine na vijiti, anakwangua bakuli lake lote na kulitia kwenye kikontena cha mwanawe. Alikuwa anashindilia kwa utaratibu, pembe kwa pembe. Akafunga kifuniko kwa kukigandamiza kwa kiganja. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akafuta mdomo kwa kitambaa kama mtu aliyeshiba, akaweka bakuli tupu mbele yake na kungoja lichukuliwe.

Kavetsa alibaki mlangoni. Aliniambia kwamba hakumwona Bibi Tome pale. Alimwona mama yake.

Mwaka wa mahindi ya njano Kavetsa alikuwa na miaka tisa. Mvua ilikuwa imekataa, kukaletwa mahindi ya msaada, ya njano, yenye harufu ya gunia na meli, na ugali wake ulikuwa mtamu mahali ambapo ugali hautakiwi kuwa mtamu. Walikuwa watoto sita. Mama yao alikuwa anapakua, anagawa, halafu anakaa kizingitini na mgongo kwao. "Mimi nimeonja jikoni hadi nimeshiba," alikuwa anasema. Kila siku ameonja jikoni hadi ameshiba. Kavetsa akaona ajabu, akamfuata siku moja nyuma ya jikoni, akamkuta ameinama juu ya mwiko, anauramba mbele na nyuma, anaugeuza na kuuramba tena.

Hadi leo unga wa njano hauingii kinywani mwa Kavetsa. Mwaka fulani bei ilipanda na Boaz akarudi na pakiti yake. Hakugombana naye. Alimsongea ugali, akamtengea, yeye akanywa chai.

"Unga ni unga," Boaz alimwambia.

"Kwako," akasema.

Ile Ijumaa alishuka getini na nafaka za Tokyo ameziweka kwenye kiganja. Mimi nilikuwa nimeegesha baiskeli kivulini na Osewe.

"Hebu angalieni hii."

Osewe akainama. "Hii ni chakula ya ndege."

"Kwetu tungewapa kuku," nikasema.

"Mzee," Kavetsa akaniuliza, "mtoto wako amekaa nchi za watu miaka mingi. Umeambiwa ametajirika. Unaenda kumtembelea, unakuta nyumba ni kubwa, lakini mezani anakupakulia ugali wa njano. Leo wa njano, kesho wa njano. Ungefikiri nini?"

"Ningefikiri mambo yamemharibikia. Nyumba ni ya deni."

"Ungemwuliza?"

"Ah. Utamwulizaje mtoto kitu kama hicho."

"Ungefanya nini?"

"Ningesema nimeshiba."

Kavetsa akafunga kiganja. "Basi ndivyo anavyosema," akasema. "Siku zote hizi ndivyo amekuwa akisema, na sisi tunampima joto."

Osewe safari hii hakutaja omena.

Jumamosi asubuhi Kavetsa akapitia Toi. Nilikuwa nimepiga kambi karibu na meza ya Phanice, mwuza nafaka, namnolea kisu cha kufungulia magunia, ndiyo maana niliyasikia maneno yao.

"Phanice, nataka mchele mweupe wa kushikana."

Phanice ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuza. "Wa nini?"

"Wa kushikana. Ukiupika uwe kama donge."

"Kavetsa, niko hapa soko miaka kumi na tano. Kila mtu akikuja ananiambia nipe pishori, nipe mchele haishikani, wageni wanakuja. Wewe unataka ya kushikana. Nani amekukosea?"

"Nina mgonjwa anautaka hivyo."

"Basi chukua chenga." Akavuta gunia la chini, lile lenye mchele uliovunjikavunjika, ambao watu huununua wakiangalia pembeni. "Hii hata ukiiangalia vibaya inashikana. Lakini usiambie mtu ulinunua kwangu, nina jina."

Kavetsa akachukua na gunia dogo zima la mchele mwingine mweupe. Nikafunga vyote kwenye baiskeli, nikamsukumia.

Alipofika geti akasimama. "Mzee, mchele umekatazwa kwa hii nyumba. Bwana Tadashi ni mtu mzuri, lakini neno lake ni neno."

"Unaogopa?"

"Naogopa. Lakini mwisho wa Juni ni wiki ijayo." Akachukua gunia kichwani. "Panda na mimi. Ukae kule nyuma na visu. Nikifukuzwa angalau nipate mtu wa kunibebea masufuria yangu."

Hivyo ndivyo nilivyoona mwenyewe. Nilikaa kwenye kibaraza cha nyuma karibu na mashine ya kufulia, mlango wa jikoni wazi, na meza ya chakula ikionekana moja kwa moja.

Kavetsa aliuosha mchele mara nne, mpaka maji yakawa safi. Akaupika kwa moto mdogo bila kufunua. Harufu yake ikatoka, na kule sebuleni nikamwona Bibi Tome, aliyekuwa amesinzia kwenye kiti na blanketi mapajani, ameinua kichwa.

Kitu alichofanya Kavetsa baada ya hapo ni kile ambacho mtu aliyekulia kwenye shibe hawezi kukifikiria. Hakupakua bakuli. Bakuli moja halimwambii mtu kitu, linaweza kuwa ndilo la mwisho. Alibeba sufuria nzima kwa mikono miwili, akaiweka mezani mbele ya bibi, akafunua. Halafu akaenda akaburuta gunia hadi miguuni pake, akalifungua mdomo.

"Guku, angalia," akasema kwa Kiswahili. "Iko. Iko nyingi."

Bibi Tome akaangalia sufuria. Akaangalia gunia. Akainama pole sana, akaingiza mkono ndani ya mchele mpaka kwenye kifundo, akauacha humo.

"Mama," akasema.

"Niko hapa," Kavetsa akasema, na mimi nikamwona anaanza kushuka kwenye miguu ya bibi.

Bibi akatikisa kichwa. Akatoa mkono kwenye gunia, akaelekeza kidole kwenye sufuria. "Mama." Kisha kidole kikaenda kwenye kiti kilichokuwa wazi, kiti cha mwanawe, kikabaki hapo.

Kavetsa akaelewa sehemu ya pili. Akachukua bakuli kubwa kuliko yote, akalijaza mpaka likawa na kilima, akaliweka mbele ya kile kiti. Akachukua la pili, akalijaza. Sufuria bado ilikuwa na zaidi ya nusu. Akainamisha ili bibi aone ndani.

Ndipo Bibi Tome akashika vijiti. Alikula bila kuinua uso. Mboga iliyokatwa kama maua hakuigusa, samaki hakumgusa. Alikula wali mtupu na chumvi kidogo, na alipofika nusu akapumua, akaendelea. Kavetsa aligeukia jikoni akaanza kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Mlango ukafunguka. Jumamosi Bwana Tadashi anarudi saa saba. Aliingia na kofia ya kazi mkononi, akasimama.

"Kavetsa. Nilisema nini kuhusu mchele?"

"Ulisema usiingie."

"Na huu?"

"Huu umeingia."

Hakuwa mtu wa kupaza sauti, lakini uso wake ulikuwa umekaza. Alifungua mdomo aendelee, na mama yake akamgeukia, shavu moja limejaa, akamwonyesha kile kilima cha wali kwenye nafasi yake.

"Mama," akamwambia. Lilikuwa neno la kumkaribisha mtu.

Bwana Tadashi akaketi. Katika nyumba ile hakuna anayevuka mlango na viatu, mimi mwenyewe nilikuwa nimeviacha vyangu kule ngazini, lakini yeye alivuka na buti zenye lami akaketi nazo. Akauliza kitu kwa lugha yao. Bibi akajibu maneno machache, anatafuna. Akauliza tena. Akajibiwa tena, na safari hii bibi alimshika mkono wa shati na kuupapasa, kama anayepima kitambaa.

"Anauliza kama nilifukuzwa kazi," Bwana Tadashi akasema kwa Kiswahili, bila kutuangalia. "Anasema alipoona zile nafaka mezani alijua. Anasema si aibu, nimwambie tu."

Akavua miwani.

Kisha akatueleza, polepole, akitafuta maneno. Huko milimani kwao, mama yake alipokuwa mtoto, watu walilima mpunga lakini hawakuula. Wali ulikuwa wa mwenye shamba, na wa kuuzwa. Wao walikula zile nafaka ndogo, zimeongezwa figili ili sufuria ijae. Nyanya yake Bibi Tome alikuwa akisimulia kwamba zamani zaidi, mtu akiwa kitandani hana matumaini, watu walitafuta punje chache za mchele wakazitia ndani ya kipande cha mwanzi, wakamtikisia sikioni, ili angalau asikie.

"Na mama?" Kavetsa akauliza. "Kwa nini anasema mama?"

"Kwa lugha ya kijiji chao, mama ni wali. Huko kwao tu. Nilipoenda kusoma Tokyo nikasema hivyo mbele ya wenzangu, walicheka mwaka mzima. Sijalisema tena." Akafuta miwani kwa shati. "Nilisahau kama yeye bado analisema."

Kavetsa akakaa kwenye kigoda. "Uwi. Na mimi nilikuwa namsugua miguu."

"Miguu?"

"Akisema mama, mimi namvua soksi. Kila siku. Anaomba wali, nampa kusuguliwa miguu."

Bwana Tadashi akamwambia mama yake. Yule bibi akaweka vijiti chini, akafunika mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kumtikisika, na kwa muda nikaogopa, hadi niliposikia sauti nikajua ni kicheko. Mwanawe naye akacheka, macho yanamtiririka, na akiwa hivyo hivyo akavuta bakuli lake akala wali wote, kilima na bonde, na hakuna aliyemkumbusha sukari.

Mwisho wa Juni mizani ilipanda kidogo. Daktari hakupenda sana habari ya wali na chumvi, ila aliona uso wa bibi akasema basi, wamwache alipo. Bibi Tome hakurudishwa.

Lakini tabia ya miaka themanini haiishi kwa sufuria moja. Bado asubuhi alikuwa anasita kabla ya kushika vijiti, anaangalia huku na huku. Kavetsa akaenda nyumbani Kongo akachukua gorogoro, lile kopo tunalopimia mahindi, akamwomba Boaz alichongee kifuniko cha mbao. Akalijaza mchele. Kila asubuhi analiweka mapajani mwa bibi. Bibi analiinua kwa mikono miwili, analitikisa mara moja karibu na sikio, linasikika zito. Analirudisha. Anakula.

Bwana Tadashi alirudi kwenye nafaka zake za Tokyo, kwa sababu ya sukari, na mama yake anamwangalia akizila kwa huruma ambayo hakuna maelezo yameweza kuiondoa. Kikontena bado kinakataa kufunga. Akikifungua kule kazini anakuta juu ya zile nafaka za rangi ya matope kumepakwa tabaka la wali mweupe, umeshindiliwa pembe kwa pembe.

Mimi bado napita. Juma lililopita nilikuwa nanoa kile kisu pale kibarazani, upande mmoja, wakati Bibi Tome alipotoka na fimbo yake. Aliniangalia kutoka juu hadi chini. Mimi ni mwembamba, na hii baiskeli imenikausha zaidi. Akarudi ndani. Akatoka tena na donge la wali amelikunja kwa jani jeusi la baharini, akanipa kwa mikono miwili.

"Mama," akaniambia.

"Asante, mama," nikajibu.

Kavetsa alicheka hadi akaegemea mlango. Nikalitia mfukoni ili nikalile njiani, lakini bibi akanikazia macho, akagonga fimbo sakafuni. Alikuwa anajua habari za watu wanaotia chakula mfukoni. Ikabidi nikae chini nile mbele yake, na hakuondoka hadi nilipomwonyesha mikono yote miwili, mitupu.